Viti vya Waheshimiwa Wasiokuja

Siku yangu ya kwanza kwenye kidirisha cha tiketi, pale Kitale, meneja wa ukumbi hakunifundisha kuuza. Alinifundisha kukataa. Alitandaza ramani ya viti, yaani karatasi yenye kila safu na nambari zake, akazungushia kalamu safu tatu za mbele.

"Hizi usiguze. Ni za wakubwa."

"Na wasipokuja, bosi?"

"Hata wasipokuja. Si wewe utaitwa ofisini, ni mimi."

Nilikuwa mgeni, nikatii. Kazi yenyewe nilijifunza kwa macho, na leo nawapa bure yale ambayo mawakala wa tiketi wanawauzia. Mwenye pesa chache asikimbilie mbele. Utaona viatu vya waigizaji na shingo itakuuma. Tafuta mpaka wa madaraja, pale bei inaposhuka. Kwetu safu ya saba ilikuwa daraja la kwanza na ya nane daraja la pili, na kati yake ni hatua moja tu. Chukua ya nane. Kiti cha nyuma ya nguzo kikatae hata ukipunguziwa. Msimu wa mvua usikae nyuma kabisa, maana huko hakukuwa na dari, na mvua ya Kitale ikianza kupiga mabati unabaki kutazama midomo.

Mama mmoja wa Kipsongo, aliyeishi kwa kufulia watu nguo, alikuja wiki mbili mapema. Binti yake alikuwa kidato cha nne na mchezo ulikuwa wa kitabu cha mtihani, kitabu ambacho wasichana sita walisoma kwa zamu.

"Dada, nitafutie mahali huyu atasikia kila kitu," akaniambia. "Mimi nitakaa popote."

Niliwapa viti viwili safu ya nane, katikati. Nilijivunia sana.

Mchana wa onyesho meneja alikuja akihema. Eti mheshimiwa analeta wageni wengi, kwa hivyo safu zote hadi ya nane ni zake.

"Nimeshauza, bosi."

"Wapeleke nyuma. Ama siku hizi wewe ndiye meneja?"

Niliwainua mama na binti yake kwa mikono yangu hii, nikawakalisha nyuma ya nguzo. Mvua ikashuka. Mheshimiwa hakuja. Hata dereva wake hakuja! Safu nane za viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe zilikaa tupu hadi mwisho, nami nimesimama mlangoni nazitazama. Walipotoka nilimwuliza msichana kama alisikia. Akamwangalia mama yake.

"Tumesikia, dada," mama akajibu haraka. "Asante sana." Alinidanganya ili nisione aibu.

Baadaye nilihamishiwa Bungoma. Msimamizi wa huko naye alipenda vitambaa vyeupe, lakini mimi sikuwa yule wa Kitale. Kengele ya tatu ikilia, ile ya mwisho kabla ya pazia, nilivua vitambaa na kuwaita mbele watu waliotoka mbali, Chwele na Malakisi, kutazama mchezo.

"Na mheshimiwa akikuja saa hii?" msimamizi akafoka.

"Si atakaa nyuma ya nguzo, bana."

Niliandikiwa barua mbili za onyo. Sikujali.

Sasa nimestaafu na hasira haijastaafu. Tiketi zinauzwa kwa simu. Zile za bei ya chini zinaisha kabla hujamaliza kuandika nambari ya siri, kisha unazikuta kwa wakala barabarani. Na mbele bado ni vitambaa vyeupe, wanafunzi wamesimama ukutani. Nani aliwaambia wenye kumbi kwamba kiti kitupu kina heshima kuliko mtoto?

Vijana niliofanya nao kazi Bungoma hunisifu kwa zile barua. Wasinisifu. Siku ile Kitale, mchezo ulipoanza tu, meneja alichukua mwavuli wake akaenda nyumbani. Hakuna aliyebaki wa kunizuia nisimrudishe yule msichana kwenye kiti chake.