Mirija iliyoziba ni yangu, aibu akatwishwa mke wangu

Wakuu, salaam kwenu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtanivumilia. Ila yote haya yamenikuta mimi mwenyewe, chumvi sijatia.

Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo mjini, kwa sasa naishi Mapinga, nina duka la vifaa vya ujenzi. Mke wangu Saida ni mtu wa Mkange. Tuna miaka sita kwenye ndoa na mtoto hatujajaaliwa.

Mwaka juzi tulikwenda Dar kupima. Wote wawili, maana mizizi ya kuchemsha ilishatuchosha.

Saida akakutwa mzima kabisa. Mimi nikakutwa sina mbegu hata moja. Sifuri.

Daktari akanielewesha taratibu. Korodani zinatengeneza mbegu vizuri tu, ila mirija ya kuzitoa nje imeziba, pengine kwa maambukizi ya zamani. Shahawa zinatoka kama kawaida kwa sababu maji yake mengi yanatengenezwa sehemu nyingine, kwa hiyo kwa macho huwezi kugundua kitu.

Na nyie wa "mimi niko fiti", sikilizeni. Nguvu za kiume ni kitu kimoja, mbegu ni kitu kingine. Upande wa nguvu mimi sina kesi na mtu.

Daktari akasema njia ipo. Mbegu zinavutwa kwa sindano moja kwa moja kwenye korodani, mayai ya mke yanavunwa, kisha maabara wanaingiza mbegu moja ndani ya yai moja. Likitunga, kiinitete kinarudishwa kwenye mfuko wa uzazi. Inaweza kushika, inaweza isishike.

Nikamuuliza shehe wetu. Akanijibu, "Mbegu yako, yai la mkeo, na ndoa yenu ipo. Sasa unaogopa nini?"

Niliporudi nikamweleza mama yangu kila kitu, kwa mdomo wangu. Mama alilia. Akaniambia, "Mwanangu, hili lisitoke nje. Niachie mimi."

Nikajua atakaa nalo moyoni. Kumbe alilitoa kwangu akalipeleka kwa mwenzangu.

Sasa mwezi uliopita dada yangu Mwanahawa alikuwa na arobaini ya mtoto wake. Shughuli ikafanyika kwa mama, wanaume barazani, wanawake ndani.

Asubuhi mtoto aliletwa barazani. Nikampakata mimi mjomba wake, tukapigwa picha, watu wakanitania eti tumefanana pua. Hakuna aliyeona tabu. Hapo pashikeni.

Baadaye nikaingia ndani kufuata birika la kahawa. Nikiwa mlangoni namwona Saida naye amempakata mtoto, anacheka naye.

Shangazi yangu, ambaye ndiye mkubwa wa familia, akasema kwa sauti, "Mpokeeni huyo mtoto. Mkono wa tasa una nuksi, na mtoto mwenyewe bado mchanga."

Mwanahawa akaja akamchukua. Akasema, "Wifi usichukie. Si wajua mwenyewe mirija yako imeziba."

Mirija yake?

Saida alijitandia kanga yake vizuri, akaketi. Wakuu, aliketi kama mtu aliyezoea, na hicho ndicho kilichonichoma.

Nikamtazama mama. Mama akainamia sinia la vitumbua.

Nikasema palepale mlangoni, mbele ya wanawake wote, "Mirija iliyoziba ni yangu mimi. Saida ni mzima. Mama anajua tangu mwaka juzi."

Shangazi akaniambia kwa huruma kabisa, "Pole baba. Huo ni mtihani wa Mwenyezi Mungu, usijitie unyonge." Na mtu akanisogezea kiti nikae!

Yaani ugonjwa ni huohuo. Kwa mke wangu ulikuwa nuksi, ulipofika kwangu ukawa mtihani na kiti nikaletewa.

Nikamuuliza, "Shangazi, mbona mimi nimempakata tangu asubuhi na hamkumpokea?" Mpaka leo hajanijibu.

Mama akasema, "Nilikuwa nakusitiri aibu yako, mwanangu."

Nikamwambia, "Hukunisitiri mama. Umemtwisha mtoto wa watu."

Tukaondoka hata pilau hatujala.

Njiani nikamuuliza Saida kwa nini hakuniambia. Akasema, "Mama yako alinipigia magoti. Akaniambia mke ni nguo ya mume, nikusitiri, na wewe usijue. Mkwe akishapiga magoti, mimi nisemeje?"

Kwa hiyo kila harusi, kila akika, kila msiba, mke wangu alikuwa anakwenda kutukanwa kwa niaba yangu, kisha anarudi nyumbani ananipakulia chakula. Nikiliwaza hili nashindwa hata kuhudumia wateja.

Siku mbili baadaye Mwanahawa alikuja Mapinga na mtoto wake. Anatokwa machozi. Akamnyooshea Saida mtoto, "Mpakate, wifi yangu. Nisamehe."

Saida akamtazama yule mtoto, akamtabasamia. Mikono yake haikutoka mapajani.

Akasema, "Wifi, mkono ni uleule wa juzi."

Mwanahawa akabaki amemshika mwanawe hewani, hajui ampeleke wapi. Mimi nikatoka nje.

Nilichojifunza ni kwamba ukipima, majibu yako yatangaze mwenyewe. Ukimwachia mtu akufichie, hujui atayaficha kwa nani. Na kama mkeo anakunywa mizizi na wewe hujapima, nyamaza kwanza, nenda kapime.

Tunaanza matibabu hivi karibuni. Mtoto akija, arobaini yake itafanyika Mkange, kwa kina Saida, na wa kwanza kumpakata atachaguliwa na Saida.

Wanawake mliowahi kubebeshwa yasiyo yenu, semeni hapa. Na wanaume wenye povu, karibuni, leo nina muda.