Saa ya Ukutani kwenye Chumba cha Seva

Pale kiwanda cha miwani walimwita Bi Funguo, na jina lilimkaa kama kiatu cha kipimo. Miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyefungua chumba cha seva asubuhi, akafuta vumbi, akapiga deki, akamwaga ndoo ya maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi, akafunga. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa uzi mnene, ndani ya blauzi, na hata meneja akitaka kuingia ilimbidi aombe. Bi Funguo alipenda kuombwa.

Shule aliisikia kwa jirani. Herufi zilimtoa jasho, jina lake aliliandika kama mtu anayepanda mlima, lakini tarakimu alizijua kama meno yake, yaliyobaki na yaliyong'oka.

Ukutani mle ndani palikuwa na saa aliyoinunua mwenyewe, na aliirekebisha kwa kichwa chake. Ikifika saa tatu asubuhi, mshale mfupi uko kwenye tatu, basi. Mafundi wote waliopita walimwambia saa hazitegwi hivyo. Aliwajibu kwamba mtu anayesema tatu kwa mdomo huku anatazama tisa ukutani, huyo ndiye wa kupelekwa hospitali. Wakachoka, wakamwachia saa yake.

Sasa Jumatatu moja alikuta umeme umerudi baada ya kukatika siku mbili. Seva moja ilikuwa imegoma. Kioo cheusi, maandishi meupe, na chini tarakimu za tarehe na saa zinawaka na kuzima, sifuri tupu. Maandishi hakuyagusa kwa macho. Lakini aliwahi kumwona fundi mzee, kabla hajastaafu, akijaza tarakimu mahali pale pale, akabonyeza kitufe kikubwa, mashine ikaendelea na safari yake. Tarehe akaitoa kwenye kalenda. Saa akaitoa ukutani: saa moja na dakika kumi. Akaandika moja, akaandika kumi, akabonyeza. Seva ikanguruma, taa za kijani zikaanza kukonyeza. Bi Funguo akatoka amebenua kifua.

Hakumwambia mtu, na sababu anayo. Mwezi uliopita meneja alitangaza kwamba yeyote asiye fundi atakayegusa kitufe cha mle ndani, hataingia tena, na ufunguo utahamia kwa walinzi. Aliposema hivyo alimtazama nani? Kila mtu aliona.

Saa mbili wafanyakazi wakaingia, na vipimo vya macho vya wateja havikufunguka. Vyote vilikaa kwenye seva ile ile. Wakata vioo wakakaa mikono mapajani. Mapokezi watu wakajaa, na mwalimu mmoja mstaafu alikuwa ameshikilia gazeti mbali kama analiogopa.

Fundi wa kompyuta alikuwa binti wa umri wa kitinda mimba wa Bi Funguo, ana miezi miwili tu kazini. Alifanya alivyofundishwa: akaitoa seva kwenye mtandao wa kampuni, ili airudishe upya. Kuitoa kulikuwa dakika moja. Kuirudisha, ikakataliwa. Akajaribu tena, ikakataliwa. Mara ya nne alivua koti.

Bi Funguo alisimama mlangoni na tambara lake la deki, hataki kuondoka. Akauliza mashine imekosa nini.

"Imekosa kuaminika, mama," fundi akasema.

Akamweleza, labda kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumsikiliza. Kompyuta zote za kampuni ni watu wa nyumba moja, na nyumba hiyo wanaiita domeni. Iko seva kubwa makao makuu ambayo ndiyo baba mwenye nyumba, inamjua kila aliyemo. Hii ya kwao inabisha hodi, haifunguliwi. Waya ni mzima.

"Na huyo baba mwenye nyumba anauliza nini mlangoni?"

Fundi akahesabu kwa vidole. Jina, lipo. Neno la siri, lipo. Na saa. Saa ya anayebisha na saa ya mwenye nyumba zisipishane zaidi ya dakika tano, la sivyo mwenye nyumba anadhani ni mwizi aliyeokota maneno ya jana.

"Ila saa iko sawa," akasema. "Saa tatu na dakika hamsini." Akaonyesha kona ya kioo, tatu na hamsini. Akaonyesha ukutani, tatu na hamsini.

Bi Funguo alielewa kabla ya fundi, na angependa asielewe. Mkono ukapanda wenyewe kushika ufunguo juu ya blauzi. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini yeye alishazaa wanne, kuficha kidogo kungemdhuru nini? Binti ana elimu, atagundua mwenyewe.

Meneja akaingia kabla hajagundua. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba alionywa asiajiri mtoto, na sasa anaona walioonya walikuwa na macho. Fundi akainama juu ya kibodi.

"Saa hiyo nimeiweka mimi," Bi Funguo akasema. "Asubuhi, kwa saa yangu ya ukutani. Mtoto wa watu hana kosa."

Fundi akatoa simu mfukoni. Tisa na dakika hamsini na mbili. Akaitazama simu, akatazama kona ya kioo, akafunika mdomo.

"Nimeitazama mara nne," akasema, "na kila mara naisoma ninavyoongea."

Meneja akanyoosha kiganja. Bi Funguo hakuomba. Uzi ulinasa kwenye kilemba, akaunasua polepole, akauweka ufunguo mkononi mwake ukiwa bado na joto la kifua. Kisha akasogea, amenyoosha mgongo asije akaonekana kama mtu anayelia.

Fundi akarekebisha saa, akaandika jina la domeni, akaandika neno la siri, akabonyeza. Safari hii mwenye nyumba akafungua. Kioo kikaandika "Karibu", seva ikazima na kuwaka tena, na baada ya muda mlio wa mashine za kukatia vioo ukasikika koridoni.

Meneja alitaka kusema neno, akatazama chini. Kiatu chake kimoja kilikuwa ndani ya maji. Ndoo ya kiyoyozi, ambayo siku hiyo haikumwagwa, ilikuwa imefurika, na mchirizi unatambaa taratibu kuelekea kabati la seva.

"Walinzi wataiwahi hiyo kila asubuhi," Bi Funguo akasema. "Wakiamka."

Fundi akageuza uso kuficha kicheko. Bi Funguo alikwishapiga magoti na tambara, ameukata mchirizi njiani. Alipoinuka, ufunguo ulikuwa umening'inizwa kwenye mpini wa ndoo. Meneja alisema vitufe marufuku, akiona mashine imegoma apige simu. Na ile saa ya ukutani ibadilishwe.

La simu alilikubali. La saa alikataa, na meneja, kiatu kinalia chwa chwa, hakuwa na nguvu ya kubishana.

Kesho yake fundi alikuja na betri mpya ya kuitunzia seva saa yake umeme ukikatika, na saa nyingine ndogo ya ukutani. Akaomba ufunguo, akapewa. Akaitundika saa yake chini ya ile ya zamani, akaiweka sawa na ya makao makuu.

"Ya chini ni ya mashine," akasema. "Ya juu ni ya watu."

Bi Funguo alipanda kiti, akaifuta ya juu, na kwa vile tambara lilikuwa mkononi, akaifuta na ya chini.