Magoti ya Johari Muuza Kuku

Wifi yangu Johari hanunui kuku kwa macho. Anachuchumaa, anamshika miguu, anampuliza manyoya ya tumboni aione ngozi, anamfunua mabawa, kisha anampapasa shingoni, pale kwenye gole, kutafuta kama muuzaji kamjaza pumba na mchanga ili aonekane mzito. Akishamaliza kuku anamgeukia muuzaji na kumkagua yeye. Ameifanya kazi hiyo tangu kaka yangu alipofariki, kwenye minada ya Ikungi, Nduguti na kwingine ambako mimi hata njia yake siijui, akikusanya kuku wa kienyeji kwenye matenga na kuwapakia basi la Dar es Salaam. Hajawahi kuuziwa kuku mgonjwa. Ubaya wake ni kwamba akirudi nyumbani haachi kukagua. Ukimpelekea sahani ya pilau, anauliza nani mwingine kapelekewa. Ukimsifia kanga, anataka kujua una shida gani. Nayasema haya kwa kuwa nampenda, na kwa kuwa amenitia hasira miaka mingi.

Huko kuchuchumaa ndiko kulikommaliza magoti. Lilianza la kulia, la kushoto likafuata. Alikunywa supu ya kongoro mpaka nyumba nzima ikanuka kwato. Akala bamia asubuhi na jioni, kwa sababu mtu mmoja sokoni alimwambia bamia zinarudisha uteute wa goti. Uteute haukurudi. Akaanza kuswali kwenye kiti. Siku moja alijisahau akasujudu, akashindwa kuinuka, akabaki pale pale kwenye mswala mpaka jirani aliposikia anaita. Siku hiyo ndiyo nikampigia simu Rahma.

Rahma ni mtoto wake wa pekee, aliolewa Tabora na fundi magari mmoja anaitwa Abdulmajidi. Hawakujaliwa mtoto. Alifika kesho yake, na begi kubwa. Wifi alilitazama begi kabla hajamtazama mwenye begi.

"Mtu anakuja kumjulia hali mama yake na begi la kuhamia?" aliniuliza pembeni.

"Si amekuja kukuuguza, Johari?"

"Na simu yake mbona haiiti? Mke wa mtu simu yake haiiti?"

Nilimwambia aache uchokozi. Lakini alikuwa amekwisha kujipa jibu. Kwa hesabu zake, Rahma na mumewe walitaka apelekwe hospitali akatwe magoti, abaki wa kukaa ndani, wao wachukue eneo lake la sokoni. Ungemsikiliza ungedhani eneo lenyewe ni ghorofa, kumbe ni kivuli cha bati na matenga matatu. Na hapo hapo, Rahma akiwa jikoni, wifi alikuwa anasogeza kiti mlangoni ili amsikie anavyohangaika na masufuria. Ile nyumba ilikuwa imekaa kimya mno. Sasa alikuwepo mtu wa kumwambia, "Mama, chai inapoa." Alimshuku na alimtaka, vyote kwa pamoja, na hakuona ajabu yoyote.

Tukaenda hospitali watatu. Daktari alikuwa kijana mrefu, Ezekieli, kwao Kinampanda, mwenye subira ambayo mimi sina. Alituonyesha picha ya magoti kwenye mwanga, akatueleza kwamba ile gegedu ya katikati imelika na mifupa inasagana. Dawa ya mwisho ni kuyatoa magoti yaliyochakaa na kuweka ya bandia, na kwa hilo ingetubidi twende Dodoma. Kabla ya kufika huko, alisema, tungeweza kujaribu sindano ndani ya goti.

"Haiponyi, mama, nisikudanganye. Inatuliza uvimbe na maumivu. Kuna wanaopata nafuu wiki chache, kuna wanaopata miezi, na kuna wasiopata kitu. Ikikusaidia, upasuaji tunausogeza mbele. Isipokusaidia, tutazungumza habari ya Dodoma."

"Imetengenezwa na nini?" wifi akauliza.

Daktari akamtajia jina la dawa ambalo hakuna aliyelishika. Halafu, nadhani ni kwa kutaka kumfurahisha baada ya kusikia anauza kuku, akaongeza kwamba iko sindano nyingine ya goti, ya uteute, ambayo aina zake baadhi hutengenezwa kutokana na upanga wa jogoo, ile nyama nyekundu ya kichwani.

Wifi alikaa sawasawa. "Jogoo wa wapi?"

"Wa nje huko, mama. Wanafugwa maalumu."

"Wa kisasa?"

"Nadhani ni wa kisasa."

"Basi hiyo sitaki hata kuisikia. Kuku wa kisasa mwenyewe kusimama hawezi, atanisimamisha mimi?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Daktari naye alicheka, akasema hapo kwake hana ya jogoo, ana ile ya kutuliza uvimbe tu. Wifi hakucheka. Alikuwa na jambo lingine.

"Daktari, huko minadani kuna watu wananywesha kuku mgonjwa maji ya pilipili. Anachangamka, anatembea, ananunuliwa. Jioni amekufa. Hii yako siyo pilipili?"

"Kidogo inafanana," daktari alijibu bila kukasirika. "Ugonjwa unabaki pale pale. Ila mimi nakwambia kabla hujanunua."

Nilimpenda yule kijana kuanzia hapo. Wifi yeye aligeuza shingo polepole mpaka kwa Rahma.

"Kuku akinyweshwa pilipili, ujue kuna anayeuza," alisema. "Hapa anayeuza ni nani?"

Rahma aliinamisha kichwa. Kisha akasema jambo lililonishangaza hata mimi. "Mama, kwa nini tusiende tu Dodoma? Hizo sindano ni za muda, nimesoma kwenye simu. Upasuaji ndio wa uhakika. Mimi nitakaa na wewe, hata mwaka mzima, mpaka utembee."

Mtoto gani anakimbilia mama yake akatwe? Nilijiuliza mimi, shangazi mtu, ambaye sina tabia ya kushuku. Wifi ndiyo usiseme. Pale pale alipandisha gauni juu ya magoti.

"Nichome," alimwambia daktari. "Yote mawili."

Wakampima sukari kwanza, wakamsafisha, daktari akavuta maji ya njano kwenye goti la kulia kabla ya kuingiza dawa. Wifi alikodoa macho kwenye ile sindano kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tuliondoka tukiwa tumeambiwa apumzike, akiona goti linavimba na kuwa la moto au akipata homa arudi haraka, na kama kila kitu kiko shwari arudi baada ya mwezi.

Kuanzia hapo kila ukimuuliza, jibu lilikuwa, "Bado." Goti linauma? Bado linauma. Umelala vizuri? Nitalalaje? Rahma alikuwa akichemsha maji, akilowesha kitambaa na kumkanda, na kila akisikia "bado" anasema, "Pole, mama," kwa sauti ya upole. Mimi nilimtazama usoni nikitafuta huzuni. Huzuni haikuwepo. Alikuwa mchangamfu kuliko siku aliyokuja, amesuka nywele, ameotesha mchicha nyuma ya nyumba. Mambo hayo yalinikera kwa namna nisiyoweza kuieleza.

Siku moja nilipita kuazima chekecheo. Kwa kuwa kwao ni kwetu, nilipitia mlango wa uani bila kubisha. Rahma alikuwa ameenda sokoni. Kwenye banda la kuku nikasikia mtu anaimba kaswida, na nilipochungulia nilimkuta wifi yangu amechuchumaa, amechuchumaa kabisa, visigino chini, kuku kambana katikati ya mapaja anamkagua bawa.

Aliponiona, alishika goti. "Yalaa! Goti langu!"

"Inuka, mnafiki," nilimwambia.

Akainuka. Hakushika ukuta, hakunishika mimi, na kuku alikuwa bado mkononi.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya tatu baada ya sindano," alisema, anatazama pembeni. "Niliamka nikajikuta natembea. Nikadhani naota."

"Na huyo mtoto anavyokukanda kila jioni, mikono inamchubuka?"

"Nataka anikande."

Nilimpa maneno yake. Nilimwambia ni dhambi, nilimwambia ni utoto, na kwamba watu wanalilia nafuu yeye anaificha. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akamwachia yule kuku.

"Akijua nimepata nafuu, anarudi Tabora," alisema. "Wewe kwako umejaziwa wajukuu wanakuvunjia vyombo, unalalamika. Mimi nikizima redio ndiyo basi, nasikia kuku wakijikuna. Sitaki, Amne. Niache kwanza."

Nilizidi kukasirika. "Na daktari akikuuliza?"

"Nitasema bado. Hao wa Dodoma mpaka wakuite, hata mwaka unaisha."

Nikarudi nyumbani bila chekecheo. Sikusema kitu kwa Rahma, lakini si kwa kumtii wifi. Nilitaka kuona atafika wapi.

Mwisho wake niliuona siku ya kurudi hospitali. Tuliingia tena watatu, wifi akijikokota na kumwegemea Rahma hadi mimi mwenyewe nikataka kumsaidia. Daktari Ezekieli akamuuliza hali.

"Bado, mwanangu. Hata ungenichoma maji tu ingekuwa yale yale."

Daktari alionekana kusikitika kweli. Akasema basi, tumejaribu, sindano haikumfaa, na haoni haja ya kuendelea kumtesa. Angemwandikia rufaa. Tena tulikuwa na bahati, amezungumza na wenzake wa Dodoma, kuna mgonjwa ameahirisha na nafasi yake iko wazi. Tungeweza kwenda wiki ijayo.

Niliuona uso wa wifi ukikauka. Wiki ijayo hakuwa ameiweka kwenye hesabu zake. Nikataka kusema "umeyataka," lakini kabla sijafungua mdomo nilimsikia Rahma.

"Alhamdulillahi," alisema. Hakuisema moyoni, aliisema kwa sauti, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua ndoo.

Chumba kizima kilisikia. Wifi aliutoa mkono wake kwenye mkono wa binti yake.

"Unamshukuru Mungu kwa mimi kukatwa?"

"Hapana, mama, nashukuru kwamba..."

"Kwamba nini? Eneo langu la sokoni mmemuahidi nani?"

"Eneo gani tena, mama?"

Wifi hakungoja. Alisimama kutoka kwenye kiti, akatembea mpaka katikati ya chumba, na mbele ya meza ya daktari akachuchumaa mpaka chini, akainuka, akachuchumaa tena. Daktari alibaki na kalamu hewani.

"Umeona? Nimepona! Sikatwi na mtu. Rudi kwa mumeo ukamwambie mpango wenu umeharibika. Leo hii urudi!"

Nilitaka kumziba mdomo. Mwezi mzima amejiuguza ili yule mtoto asiondoke, na sasa anamfukuza kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sababu ya neno moja ambalo hakusubiri maelezo yake.

Rahma hakuinua sauti. "Sina mume, mama. Aliniacha."

Daktari akaiweka kalamu mezani.

"Eda nilikaa kwa dada yake. Ilipokwisha ikabidi nitoke. Shangazi aliponipigia simu nilikuwa nimekaa stendi ya Tabora, sijui nikate tiketi ya wapi. Nikasikia magoti yako yamekushinda, nikasema Mungu amenipa sababu." Alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Ndiyo maana sikutaka sindano. Kila siku nikikukanda nilikuwa naomba isifanye kazi. Ningejua imefanya kazi ningefungasha, kwa sababu ungeniuliza narudi lini."

Iliniuma. Mimi ndiye shangazi. Mambo ya ndoa yake ni mimi niliyepaswa kuyajua wa kwanza, na miezi yote ile mtoto wa kaka yangu alikaa eda kwa watu bila kuniambia. Nilitafuta hasira zangu za kawaida sikuziona.

"Kwa nini hukuniambia?" wifi aliuliza. Bado alikuwa amesimama katikati ya chumba. "Mimi mama yako. Ningekufukuza?"

"Usingenifukuza," alisema Rahma. "Ungeniuliza nimefanya nini."

Nilimtazama Johari. Mdomo wake ulikuwa umekwisha kufunguka, na swali lenyewe lilikuwa hapo hapo kwenye ulimi, nililiona. Tumefahamiana tangu alipoletwa kwetu bibi harusi. Najua anavyokuwa akiwa na swali. Akafunga mdomo. Alikaa kwenye kiti kwa shida, ingawa magoti hayakuwa na tatizo, akatazama mikono yake.

Daktari alijikohoza. Akaichana ile karatasi ya rufaa taratibu. Akasema anafurahi kwamba mama ana nafuu, lakini asidhani imekwisha. Maumivu yatarudi, hajui ni lini, na yakirudi watazungumza upya, kama ni sindano nyingine au ni Dodoma. Hata hivyo angependa amwone tena kabla ya hapo.

"Nikupangie lini, mama?"

Wifi alikuwa hajainua uso.

"Muulize Rahma," alisema. "Ndiye ninayekaa naye."