Njahi Darini

Nilirudi Meru na stashahada ya umeme niliyoipata ng'ambo huku nikiosha vyombo hotelini. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nyumba ya mama niliijenga nikiwa hukohuko, kwa jasho langu, na watu wa kanisani bado huwaleta wageni kuitazama.

Jikoni tu ndiko kulikoniaibisha. Mafundi walikuwa wameweka tyubu iliyopepesa na holda mbili za balbu za kuning'inia. Nilitaka taa za kuzama: unatoboa dari, taa inaingia ndani, chini kunabaki mwanga peke yake. Nilizima swichi kuu, nikaondoa taa za zamani, nikapima mara mbili na kuchora miduara sita kwa penseli. Sijaona fundi mjini Meru anayepima hivyo.

Tundu la kwanza lilitoka safi. La pili lilimwaga njahi, yale maharage meusi ya kwetu. Zilinijaa kichwani na ndani ya shati, nami niko juu ya ngazi, macho nimefumba.

Mama aliingia na ndoo ya maziwa.

"Huko ng'ambo mlikuwa mkivuna hivyo?"

"Mama, mbegu zinafanya nini darini?"

"Kwani dari ni ya nini, baba?"

Jiko letu la zamani lilikuwa na itara, uchaga wa miti juu ya mafiga, ambapo mbegu zilikaa kwenye joto na moshi bila kuguswa na mdudu. Mimi nilimpa mama dari ya jipsamu na jiko la kuni lenye bomba la moshi. Yeye aliona bomba linapita darini likiwa na joto, akapanda ngazi mwenyewe, akatandika gunia kando yake na kumwaga mbegu. Nilikuwa nimepima kila kitu kutoka chini. Kuchungulia juu sikuchungulia.

Na njahi zile hazikuwa za kununua sokoni. Alipewa na mama yake siku ya kuolewa, akawa anazipanda na kuzihifadhi kila msimu. Kama taa zingewaka chini yake, mbegu zingepikika, kisha nyumba ingeshika moto.

"Nitakununulia pipa la bati," nikamwambia.

"Mbegu hazihami. Hamisha taa zako."

Fundi mwingine angekasirika. Mimi nilipanda darini na mbao, nikajenga itara ya pili, futi mbili juu ya jipsamu, ikipata joto la bomba huku hewa ikipita chini yake. Matundu yote mawili niliyaziba hadi huyaoni. Taa zote sita niliziweka upande wa pili, mbali na bomba.

Mama hakusifu. Aliwasha taa juma zima, kisha akashusha mbegu kumi na kuzifunga kwenye kitambaa kibichi. Siku zile nilikula kidogo, nasema kweli. Kama hazingeota, mvua ingemkuta hana cha kupanda, na sababu ingekuwa mimi.

Asubuhi ya tano alinifungulia kitambaa mezani. Tisa zilikuwa zimetoa mizizi myeupe.

"Na hii moja?"

"Moja hufa kila mwaka," akasema, akachukua jembe. "Twende ukanichimbie. Hiyo pia umesomea?"

Nilichimba mistari iliyonyooka kuliko ya jirani yeyote.