Pepo wa Mamangu Alitaka Asali

Nilipolibwaga kopo la vidonge mezani pa daktari, vikatawanyika hadi sakafuni, watu kwenye foleni walidhani nimerukwa na akili. Akili zangu zilikuwa timamu, na haya yametokea wallahi, kwetu Likoni, kabla ya uhuru huu tulioupata juzi. Majirani wako hai, waulizeni.

Mamangu alikuwa na kisukari. Vidonge vipya vilipokuja tulishukuru, adha ya sindano ikaondoka. Baadaye akafura uso na miguu, mkojo ukawa haba. Hospitali wakasema figo zinakufa. Na vidonge? Aendelee vilevile.

Adhuhuri moja nilimkuta jikoni ameketi juu ya mbuzi, anakuna, na nazi hana. Jasho linamtiririka. Mwanangu mchanga kambana kwapani, mtoto kalia mpaka sauti imekauka.

"Mama, nipe mtoto."

Akaniangalia. Niamini, macho yale hayakuwa yake. "Wewe nani?" Sauti nzito, ya kukokota.

"Mwanao."

"Mwanangu nimemzika."

Nikampokonya mtoto, nikapiga ukelele. Jirani yetu Bi Mwanaheri akaja mbio. "Pepo huyo! Mtie asali, hao hupenda tamu." Tukamtia mdomoni kidogo kidogo. Hata chai haijachemka, mamangu akajilamba. "Mwanipaka asali, mie sisimizi? Mwataka kuniua na sukari yangu hii!" Tukacheka huku twalia.

Pepo akarudi, adhuhuri vilevile, siku aliyomeza vidonge na chakula kikamshinda. Asali ikamwondoa. Pepo gani huyo anayefuata vidonge? Nikaenda kumuuliza daktari. Akacheka. "Hayo ya waganga wenu. Vidonge aendelee, na asali marufuku."

Tukamtii. Mara ya tatu hatukumpa asali. Alitetemeka, akakakamaa, akapoteza fahamu hadi kesho yake.

Ndipo nilipokwenda kulibwaga lile kopo.

Daktari wa hospitali nyingine, nilikompeleka mama baadaye, ndiye aliyenieleza: figo mbovu haziitoi dawa ile, hurundikana mwilini, sukari ikashuka mno, ubongo ukakosa chakula. Akavisimamisha vidonge.

Mamangu yu hai. Kila asubuhi namwamkia, "Shikamoo, Mama," naye humgeukia Bi Mwanaheri huku akicheka, amuulize maiti huyu ametoka wapi.

Wewe mwenye mgonjwa wa sukari, akifura kisha akaanza kuwa mtu mwingine, usikimbilie ngoma ya kupunga pepo. Akiweza kumeza, mpe kitu kitamu, umpeleke hospitali, na uulize figo na vidonge vinapatanaje. Wakikucheka, usibanduke.

Malalamiko yangu nimeyaandika, nikamkabidhi mkuu wa hospitali ile ya kwanza mkononi: "Daktari wenu alijua figo zinakufa. Nilimwambia mamangu hugeuka kila amezapo vidonge na kukosa chakula. Akacheka. Nataka anijibu kwa maandishi, alicheka nini."