Bunduki Chini ya Mgongo wa Dobre

Tarehe 9 Novemba 1946 Safta Gheorman alimzika mumewe Dobre katika makaburi ya Valea Cornului, Oltenia, kusini-magharibi mwa Romania. Tarehe hiyo imechongwa msalabani. Ambalo halikuchongwa ni kwamba chini ya mgongo wa marehemu, ndani ya koti lake la jeshi, mjane alikuwa ameficha bunduki ya rashasha.

Ilikuwa Orița, iliyopewa jina la ofisa aliyeibuni. Safta aliijua kabla ya kumjua mume. Alizaliwa Cugir, ng'ambo ya milima, na wakati wa vita alisimama kwenye mashine kiwandani huko, akitoboa mitutu. Dobre aliibeba dhidi ya Warusi na, Romania ilipogeuka mwaka 1944, dhidi ya Wajerumani mpaka Slovakia. Alirudi nayo nyumbani, pamoja na kifua kibovu. Amri ya kusalimisha silaha ilimkuta hoi kitandani. Muda ulipokwisha, alikuwa maiti. Aliyekutwa na silaha baada ya hapo aliozea gerezani. Safta akaona hakuna maficho kama jeneza. Kwao Cugir, mtu akizikwa amezikwa.

Huku kwa wakwe, mwaka wa saba maiti hufukuliwa, mifupa ikaoshwa kwa divai na kuzikwa upya. Safta alilijua hilo majira ya kuchipua yaliyofuata, alipoalikwa kwenye ufukuaji wa maiti ya jirani. Tangu hapo, kila mwaka ulioisha ulimsogeza karibu na koleo.

Novemba 1953 mama mkwe wake, Tudorița, alianza kuandaa divai.

"Mama, tungoje baridi iishe. Ardhi imelowa."

"Imelowa kwa nani? Mwenyewe kalala humo miaka saba halalamiki, leo wewe ndiye unaogopa baridi?" Bibi akamkazia macho. "Au kuna kitu unakijua? Hajaoza? Mlimfanyia nini mwanangu, nyie watu wa ng'ambo?"

Safta akaenda kumshikia mtungi wa divai. Maiti isiyooza ni mzimu, na neno hilo likitoka nje, kijiji kizima kingekuja kutazama.

Jumamosi walikwenda wanne: bibi, Safta, Pârvu mchimba kaburi, na Zamfir, mdogo wake Dobre. Zamfir alikuwa katibu wa baraza la kijiji. Hakuamini mambo ya kanisa, ila alimwamini sana mama yake.

"Dobre, sogea kidogo, umepata wageni," Pârvu alitania akishuka shimoni.

Fuvu lilitoka kwanza. Bibi alilipokea kwa kitambaa cheupe, akaenda nalo kando kuliosha, akimwimbia mwanawe. Safta alibaki ukingoni, macho kwenye koleo.

Koleo likagonga chuma.

"Lo! Ndugu yako alikuwa na mifupa migumu, ndugu katibu."

Zamfir alishuka, akafukua kwa mikono. Kitako cha mbao kilikuwa tope. Mtutu ulikuwa mzima.

"Nani?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mimi, shemeji."

"Unajua nani aliapa barazani kwamba nyumba yetu haina silaha? Mimi! Tutakwenda gerezani sote, na mama pia."

Midomo yake ilikuwa imepauka. Safta alikuwa amejiandaa kwa hasira zake. Kwa hofu yake hakuwa amejiandaa. Kama katibu anaogopa, nani atamtetea?

"Mnanong'ona nini huko?" bibi alipaza sauti.

"Mizizi, mama!" Zamfir alijibu.

"Basi ikateni, mniletee mwanangu. Mnamfanya asubiri kama yuko foleni ya mkate."

"Pârvu," Zamfir alisema, "ongeza kina."

Pârvu aliegemea koleo. Alimtazama Zamfir, kisha Safta, bila haraka.

"Udongo mgumu huu, ndugu katibu. Ila kwa marafiki, mtu hujikaza."

Alichimba. Bunduki ililala chini kabisa, udongo ukafuata, na mifupa iliyooshwa ikawekwa juu yake katika mfuko wa kitani. Padre alifika akasoma sala. Bibi aligawa ngano tamu ya wafu, akisema mwanawe ameoza vizuri, Mungu ashukuriwe. Safta alikula yake akiangalia mdomo wa Pârvu, kila ulipofunguka.

Jumatatu Pârvu alibisha kwa Safta, akaomba pombe ya plamu. Safta alimpa chupa nzima. Jumatatu iliyofuata alikuja tena, hakuomba kitu; alivua kofia, akakaa mezani kama mwenye nyumba.