Darasa la Kubana Pumzi

Nilijiandikisha kwenye darasa la karatasi kwa sababu nilitaka kuongea na watu. Sioni aibu kulisema. Binti yangu alikuwa amehamia Calgary, mji wa mbali huku huku ughaibuni, na mumewe na mjukuu wangu, mimi nikabaki Parkdale kwenye fleti ya vyumba viwili, kimoja cha kulala na kingine cha kunyamaza. Mjukuu nikimpigia simu ananielewa neno kwa neno, ila hujibu kwa Kiingereza, tena haraka, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Nikitoka kazini bado nilikuwa napiga hodi mlangoni kwangu, mdomo umezoea, halafu natafuta ufunguo.

Tangazo lilibandikwa kwenye chumba cha kufulia: sanaa ya Kijapani ya kutia nakshi karatasi kwa wino unaoelea juu ya maji. Jina lake suminagashi. Sikujua ni kitu gani, lakini niliona neno kikundi, likanitosha. Nilikaanga visheti vya kutosha watu wote, nikavaa koti, nikaenda.

Nilikuta wameshaanza. Watu wazima, kila mmoja ameinamia sinia lake la maji, kimya. Sasa mimi nimelelewa Tanga. Huko huketi penye watu kabla hujasalimia, na salamu haiishii kwenye neno moja. Nikaanza na aliyekuwa karibu na mlango, mama mmoja wa Kizungu mwenye miwani. Nikamwinamia kwa heshima, nikamuuliza hali, afya, watoto, na baridi hii ameionaje. Kwa Kiingereza, lakini kwa kipimo cha Tanga.

Yeye alikuwa akitazama maji yake. Alikuwa amedondosha wino kwa ncha ya brashi kwa subira, duara ndani ya duara, na pumzi ya salamu zangu ilikuwa imeyasukuma maduara yote hadi ukingoni. Mwalimu, bibi wa Kijapani mwenye sauti ndogo, akanieleza kwamba wino ule hauvumilii hata upepo wa mdomo, ndiyo maana wakati wa kazi hawaongei. Nilitafuta maongezi mji mzima nikaangukia chumba ambacho kupumua ni kosa. Waswahili wana msemo kuhusu aliyeruka mkojo, alichokikanyaga sisemi.

Yule mama akalaza karatasi juu ya maji, akainyanyua, akanikabidhi ikichuruzika.

“Chukua wewe,” alisema. “Hii ni pumzi yako, si yangu.”

Hakusema kwa ubaya. Visheti nilirudi navyo nyumbani, nikavila wiki nzima.

Niliendelea kwenda, na mkono ukajifunza. Nikanunua wino wangu na brashi mbili. Jumamosi moja mchana niliweka maji kwenye trei ya kuokea, juu ya meza ya jikoni, nikadondosha wino hadi maduara yakajaa. Yalikuwa mazuri, na hapakuwa na wa kumwonyesha. Nikainama karibu na maji, nikasema taratibu, “Hodi.”

Wino ukasogea.

Kwetu hodi hupigwa mara tatu. Usipoitikiwa, unageuka unaondoka. Nikapiga ya pili, wino ukasogea tena. Ya tatu sikuipiga. Ningeondoka niende wapi? Nikalaza karatasi.